Rangi ya Gauni Lako Ilichaguliwa Lini?



Umewahi kujiuliza kwa nini mwaka mmoja kila duka la nguo limejaa rangi ya haradali, kuanzia blauzi za akina mama hadi soksi za watoto, na mwaka unaofuata hata uitafute kwa tochi huipati? Wenye maduka hawakukutana usiku wakakubaliana. Wala si kwamba wanawake wote wa mji waliamka siku moja wakiitamani rangi hiyo. Wako watu ambao kazi yao ya kila siku, wanayolipwa mshahara, ni kubashiri nguo tutakayoitaka kabla sisi wenyewe hatujajua kwamba tutaitaka.

Nimeona tulizungumze jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, sisi ndio wanunuzi wa nguo za nyumba nzima: za baba, za watoto, na zetu zenyewe mwishoni kama kuna kilichobaki. Pili, wengi wetu ni wauzaji pia. Mmoja ana kibanda sokoni, mwingine ana cherehani barazani, mwingine anazungusha begi la vitenge maofisini saa za mchana.

Mama mmoja katika kikundi chetu cha kushona aliniuliza hivi: "Dada, nimepata mkopo wa kikundi. Yale magauni niliyoleta Desemba yaliondoka kama maji. Nikichukua mzigo mkubwa wa hayo hayo mwezi huu wa nne, nitaweza kurudisha pesa za watu?" Swali hilo ndilo wanaloulizana wakubwa wa maduka ya London na New York kila msimu. Tofauti ni kwamba wao wakikosea wana akiba ya kuegemea. Mama huyu akikosea, karo ya mtoto ndiyo inayoyumba.

KAZI YENYE UMRI MREFU

Tusidhani kwamba kubashiri mitindo ni jambo la Wazungu peke yao. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani yetu kwenda bara ilibeba nguo na shanga za kununulia chakula na kulipia njia. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hizo mwaka 1857 hadi 1859, aliandika kwamba shanga zilikuwa za aina zipatazo mia nne. Mwaka 1871 Henry Stanley alipokuwa akijiandaa Unguja kwa safari ya kumtafuta Livingstone, jambo lililomsumbua kichwa ni kujua achukue shanga zipi. Shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo lakini kwingine hazikuwa na thamani. Sungomaji zilitakiwa Ujiji, kwingine zilikataliwa. Aliyebeba shanga zisizotakiwa aliweza kulala njaa huku mizigo imejaa. Ilimlazimu kuwauliza wafanyabiashara waliozijua njia hizo. Kwa hiyo bibi zetu wa bara walikuwa wateja wenye mitindo yao, na mfanyabiashara aliyewadharau alipata hasara.

Huko Marekani kazi hii ilianza kupata ofisi zake wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya hapo, viwanda vya Marekani vilifuata kadi za rangi zilizotoka Paris, na dawa nyingi za kutia rangi zilitoka Ujerumani. Vita vilipoanza mwaka 1914 njia hizo zilizibwa. Wenye viwanda wakaunda chama chao cha rangi za nguo, na mwaka 1915 wakatoa kadi yao wenyewe ya rangi. Lengo lilikuwa kwamba mtengeneza kofia, mtengeneza viatu na mtengeneza utepe watumie rangi zinazolingana, ili mama akinunua gauni apate na kofia inayokubaliana nalo.

Mwaka 1927 mwanamke mmoja wa New York, Tobé Coller Davis, alianzisha kazi ya kuwauzia wenye maduka taarifa za mitindo. Alitazama watu walivaa nini na nini kilinunuliwa, kisha akawaandikia wenye maduka yaliyo mbali waagize nini na waache nini. Na mwaka 1998 ndugu wawili, Julian na Marc Worth, walianzisha WGSN huko London, wakaipeleka kazi hiyohiyo kwenye kompyuta. Siku hizi kampuni nyingi za nguo duniani hulipia taarifa za aina hiyo kila mwaka.

SAFARI YA MIAKA MIWILI

Hebu tuifuate nguo moja tangu mwanzo, tuone rangi yake ilichaguliwa lini.

Takriban miaka miwili kabla nguo haijafika dukani, wataalamu wa rangi kutoka nchi mbalimbali hukutana. Kila mmoja huja na vipande vya nguo, picha, majani makavu, hata vigae, vya rangi anazoona zinakuja. Hujadiliana, kisha hutoa orodha. Wanaotengeneza nyuzi huzitia rangi kwa kuitazama orodha hiyo, kwa sababu wao ndio wa kwanza kufanya kazi.

Mwaka mmoja hivi kabla ya msimu, wafumaji huonyesha vitambaa vyao. Maonyesho makubwa ya vitambaa ni yale ya Première Vision huko Ufaransa, yaliyoanzishwa na wafumaji wa Lyon mwaka 1973. Hapo wabunifu na wanunuzi wa maduka hupita meza kwa meza wakipapasa vitambaa. Miezi sita hivi kabla ya msimu hufuata yale maonyesho ya mavazi tunayoyaona kwenye televisheni, ya New York, London, Milan na Paris. Yanayofanyika Februari na Machi ni ya nguo za baridi inayokuja, na ya Septemba na Oktoba ni ya nguo za joto la mwaka unaofuata.

Kwa hiyo binti anayepita jukwaani kwenye televisheni hatangazi jambo jipya kama tunavyodhani. Rangi ya gauni lake ilikubaliwa mezani zamani, uzi ukatiwa rangi, kitambaa kikafumwa. Ndiyo maana maduka yote hufanana. Siyo siri wala uchawi. Wote walisoma karatasi zinazofanana, wakanunua vitambaa kutoka meza zilezile.

Tena ubashiri huu hujitimiza wenyewe kwa kiasi fulani. Ukiambiwa na mtaalamu kwamba rangi ya kahawia inakuja, ukaagiza ya kahawia, na mwenzako naye akaagiza hiyohiyo, basi kweli rangi ya kahawia itakuja, maana hakuna nyingine rafuni! Kampuni ya Pantone, ambayo kazi yake ni kuzipa rangi namba na majina, hutangaza rangi ya mwaka tangu mwaka 2000. Rangi yao ya 2024 ilikuwa ya pichi iliyopauka, na ya 2025 ilikuwa kahawia kama chokoleti yenye maziwa.

KAMA KADI YA KLINIKI

Sasa, hawa wataalamu wanajuaje? Hawapigi ramli. Kila mama aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anaifahamu njia wanayotumia, ila hajaiita kwa jina hilo.

Sisi wauguzi tukimpima mtoto uzito leo, nukta moja tunayoiweka kwenye kadi haituambii mengi. Mtoto wa kilo nane anaweza kuwa anaendelea vizuri, na anaweza kuwa anadhoofika. Tunachotazama ni mstari unaounganisha nukta za miezi iliyopita. Unapanda? Umelala? Umeanza kushuka? Mchambuzi wa mitindo naye anafanya hivyohivyo. Anahesabu nguo ngapi za aina fulani ziliuzwa wiki hii, wiki iliyopita, na wiki kama hii mwaka jana. Anatazama zipi ziliuzwa kwa bei kamili na zipi ziliondoka baada ya kupunguzwa bei. Kisha anatoka nje ya duka. Anatazama watu wanavaa nini mitaani, wanatafuta nini kwenye simu zao, filamu gani zinapendwa, hali ya uchumi ikoje. Hesabu zinamwambia yaliyopita, macho yanamwambia yanayoanza. Akitumia kimoja tu, anapotea.

Baada ya hapo anaupa mstari wake jina. Kuna mtindo wa kupita, ambao ni moto wa mabua: unapanda ghafla na kuzimika ghafla, baada ya miezi michache ni zilipendwa. Kuna mtindo wa kudumu kiasi, unaopanda polepole na kushuka polepole kwa miaka kadhaa. Na kuna nguo ambazo mstari wake karibu umelala, hazivumi wala hazifi: shati jeupe, sketi nyeusi iliyonyooka, suruali ya jinzi ya buluu.

Mmarekani Everett Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu jinsi mambo mapya yanavyoenea, aliwagawa watu katika makundi matano. Asilimia 2.5 ni wale wanaoanza. Asilimia 13.5 ni wanaowafuata mapema, ambao wenzao huwatazama na kuwaiga. Kisha huja asilimia 34, halafu asilimia 34 nyingine wanaosubiri hadi kila mtu afanye, na mwisho asilimia 16 wasio na haraka kabisa. Rogers hakuandika kwa ajili ya nguo. Mfano wake mmojawapo ni wa wakulima wa Iowa na mbegu mpya za mahindi. Lakini wenye maduka wameona kwamba gauni huenea kama mbegu.

Fikiria mtaani kwako. Yupo binti mmoja au wawili wanaothubutu kushona mshono mpya. Wapo akina dada wachache wenye heshima ya kupendeza, ambao wakivaa kitu kwenye harusi, wiki inayofuata fundi anaulizwa, "Nishonee kama wa fulani." Hao ndio wa kuangaliwa. Mshono ukishafika kwa wale wanaosubiri kila mtu avae kwanza, mwenye duka mwerevu ameshaacha kuuagiza.

WATAALAMU NAO HUKOSEA

Pamoja na ofisi hizo zote, mteja bado ana sauti. Mwaka 1970 wabunifu na wenye maduka wa Marekani waliamua kwamba sketi fupi zilizovuma miaka ya sitini zimekwisha, na kwamba sasa wanawake watavaa sketi zinazofika katikati ya muundi. Gazeti kubwa la biashara ya mavazi la New York, Women's Wear Daily, liliipigia debe sketi hiyo mwaka mzima. Maduka yalijaza rafu. Wanawake wakaangalia, wakakataa. Wengine waliunda hata vyama vya kupinga kuamriwa pindo. Wengi walibaki na sketi zao, na wengine wakaenda kwenye suti za suruali. Mizigo ilidoda, maduka yakapata hasara kubwa. Si kwamba sketi ilikuwa mbaya, maana urefu ule ulikuja kuvaliwa sana miaka iliyofuata. Kosa ni kwamba wauzaji walisikilizana wao kwa wao, wakasahau kumsikiliza mvaaji.

Hata siku za kompyuta mambo hayo hutokea. Mwaka 2018 kampuni ya H&M ya Sweden ilitangaza kwamba ilikuwa na nguo ambazo hazijauzwa zenye thamani ya dola bilioni 4.3 za Marekani.

Wengine wameona ni heri kupunguza kubashiri kuliko kubashiri vizuri. Zara, iliyofungua duka lake la kwanza mwaka 1975 katika mji wa A Coruña huko Hispania, hupeleka nguo mpya madukani mara mbili kwa wiki. Mameneja wa maduka hutoa taarifa makao makuu: wateja wameuliza nini, wamejaribu nini wakarudisha. Nguo iliyopendwa huongezwa kwa wiki chache tu. Shein, kampuni yenye asili ya China inayouza kwa njia ya intaneti, huanza na vipande 100 au 200 tu vya kila mshono, kisha hutazama ni upi unanunuliwa. Njia hii imepunguza mizigo inayododa, lakini imetuletea jambo jingine: nguo za bei ndogo zisizo na mwisho, ambazo mitindo yake huchakaa kabla ya kitambaa chenyewe. Sehemu ya nguo zinazochokwa huko ndizo hutufikia ndani ya belo za mitumba. Mama anayefungua belo anaifahamu huzuni ya kukuta makoti mazito ya theluji wakati wateja wake wanaishi Tanga.

DAFTARI LA MAMA MWENYE DUKA

Turudi kwa mama wa kikundi chetu. Hakuwa na kompyuta, lakini alikuwa na daftari, na daftari lilitosha. Tulikaa nalo jioni moja. Desemba alileta magauni 40. Kati ya hayo, 31 yaliuzwa kabla ya tarehe 25. Yaliyobaki 9, yaliuzwa 4 tu Januari na Februari, na hayo 4 aliyapunguzia bei. Ukitazama nukta ya Desemba peke yake, utakopa na nyumba. Ukitazama mstari, unaona kwamba watu walikuwa wakinunua sikukuu, si mshono. Tena pembeni ya ukurasa alikuwa ameandika mara saba: "Ameulizia sketi ya kazini, sina."

Tulichokubaliana ni hiki. Alichukua magauni 8 tu, akanunua kitambaa cha sketi za kazini, na theluthi moja ya pesa hakuigusa. Marejesho ya mwezi wa tano na wa sita aliyatoa kwa wakati. Katika yale magauni 8, matatu bado yananing'inia, lakini matatu hayawezi kumfunga mtu mlango.

Kwa yeyote anayetaka kufuata njia hiyo, mambo ya kuandika ni machache:

Kwanza, kila nguo iliyoingia na tarehe yake, na kila iliyotoka na tarehe na bei yake. Mwisho wa wiki ya pili fanya hesabu. Ukileta 20 na zimetoka 14 kwa bei kamili, hiyo ni asilimia 70, nguo hiyo ina uhai. Zikiwa zimetoka 5, yaani asilimia 25, usiongeze hata kama wewe mwenyewe unaipenda sana.

Pili, saizi. Wauzaji wengi huagiza saizi zote sawasawa, kisha hubaki na ndogo tupu. Andika ni saizi gani huisha kwanza.

Tatu, wanaoulizia wakakosa. Hao ndio wanaokuonyesha njia ya mbele, maana mauzo hukuonyesha ya nyuma tu.

Nne, kalenda ya mahali pako. Pasaka, Iddi, shule kufunguliwa, Krismasi, miezi ya harusi. Kama uko Mtwara au Lindi, pesa ya korosho ikiingia soko hubadilika. Taarifa ya London haijui habari hiyo, wewe unaijua.

Tano, usione haya kupunguza bei mapema. Nguo inayododa hailingani na mvinyo, haiongezeki thamani kwa kukaa. Shilingi uliyoikomboa leo inanunua kitu kitakachouzwa.

NA SISI WANUNUZI

Kwa upande wa mnunuzi, somo ni fupi. Unaposikia ndani yako, "Kila mtu anayo isipokuwa mimi," kumbuka ile safari ya miaka miwili. Hamu hiyo si mbaya, kupendeza ni jambo jema, lakini wapo waliopanga kwamba uisikie wakati huo.

Kabla ya kulipa, gawanya bei kwa idadi ya mara utakazoivaa. Gauni la sare ya harusi la shilingi 60,000 ulilovaa mara mbili limekugharimu 30,000 kila ulipolivaa. Sketi nzuri ya shilingi 80,000 uliyoivaa mara 40 imekugharimu 2,000. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi. Hesabu hii inafaa hata pale mwenye kamati ya harusi anapotangaza sare ya tatu ndani ya mwaka mmoja, na wewe unajua fika kwamba pesa hiyo ilikuwa ya daftari za shule.

Na binti yako akilia kwamba viatu vyake vimepitwa na wakati, usianze kwa kumkemea, "Sisi zamani tulivaa kandambili!" Hatakusikia. Mketishe umweleze jinsi kazi hii inavyofanyika, nani alichagua rangi, lini, na kwa nini mwakani watamwambia aitupe. Watoto wa siku hizi wanapenda kujua mambo yanavyoendeshwa nyuma ya pazia. Kisha mpe kiasi cha pesa kinachowezekana na umwache achague mwenyewe, akijua kwamba hakuna nyongeza hadi mwisho wa mwaka. Huenda akachagua moto wa mabua, ukazimika mwezi wa tatu. Usimcheke. Mwaka utakaofuata atakuwa ameanza kusoma mstari, na huo ni urithi ambao haupitwi na wakati.

Hadi mwezi ujao, nawatakia amani majumbani mwenu.